Niliweka dau kubwa, nyumba akapewa mwenye keshi

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo mambo vipi. Leo mnaniona niko kwenye gari, nimepaki mtaani huku Garland, pembeni ya Dallas. Kuna nyumba hapo mbele ina mlango mwekundu. Sitageuza kamera, kuna watu wanaishi humo. Ila hiyo nyumba, mwaka 2022, iliniliza.

Muuzaji alikuwa anataka dola 315,000. Mimi, kwa mkopo wa benki, nikaweka 323,000. Nikajiona nimemaliza. Jioni dalali wangu ananipigia: pole, imechukuliwa kwa 310,000, mwenzako ana keshi.

Nikampigia mama, yuko Tabata, Dar es Salaam. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Kwani benki ikikulipia, mwenye nyumba hapewi hela yake yote siku hiyohiyo?"

Mnaona mama? Anapewa yote! Siku ya kukabidhiana hati, muuzaji hajui hata kama dola imetoka kwenye mkopo au kwenye akaunti yangu. Kinachomtia hofu ni zile wiki nne, tano, sita kabla ya siku hiyo.

Maana mimi nikishatoa kishika uchumba, benki ndiyo inaanza kunichambua. Inataka hati za mshahara, fomu za kodi ya mapato za miaka miwili, taarifa za akaunti, historia ya madeni. Ole wako ukope gari katikati, hesabu zote zinavurugika. Ukipoteza kazi, kwisha habari. Na mikataba mingi ina kipengele kwamba benki ikininyima mkopo, natoka na kishika uchumba changu, muuzaji anaanza upya kutafuta mteja.

Halafu kuna mthamini. Huyu analetwa na benki, wewe unamlipa. Mimi nimesema 323,000, sivyo? Akija akaandika nyumba ina thamani ya 300,000, benki inapiga hesabu ya mkopo kwa 300,000 yake. Zile 23,000 nizitoe wapi? Nilikuwa na mkopo wa FHA, ule wenye bima ya serikali, unaoruhusu kuanza kwa kulipa asilimia 3.5 tu ya bei. Mtu wa asilimia 3.5 hana 23,000 ya ziada, na muuzaji analijua hilo kabla hata hujafungua mdomo. Mthamini wa FHA ana macho pia: nyumba ikiwa imejengwa kabla ya 1978 na rangi inabanduka, anataka ishughulikiwe kwanza, kwa sababu ya madini ya risasi kwenye rangi za zamani.

Mwenye keshi hayo yote hana. Anaonyesha barua ya benki yake kwamba hela ipo, kampuni ya hati inahakikisha nyumba haina deni wala mgogoro, na wiki mbili nyingi wameshamalizana. Na msifikirie begi la noti kama kwenye sinema! Hela inatumwa benki kwa benki. Ukiingia benki na noti zinazozidi dola 10,000, wanaripoti serikalini.

Ni nani hao wenye keshi? Sio matajiri tu. Wapo wazee walioshuka kutoka California, wameuza nyumba kule, huku Texas wananunua na chenji inabaki. Wengine ni wawekezaji. Chama cha madalali, NAR, utafiti wao wa 2024 ulikuta asilimia 26 ya wanunuzi wamelipa keshi.

Ila na wao wanatuonea kidogo. Mabango ya "tunanunua nyumba kwa keshi" yako kila kona hapa, na anayewauzia mara nyingi ana shida: talaka, msiba, deni. Wanampa bei ya shida. Mimi siwapendi, nasema wazi.

Sasa nyie wa Kibaha mnaojenga kwa miaka kumi, leo msingi, mwakani lenta, bati zikipatikana, mnajidharau bure. Ninyi wote ni wanunuzi wa keshi, mnalipa tu taratibu. Njoo usikie ya kwetu: mwanzoni mwa 2022 riba ilikuwa kama asilimia 3.5. Mkopo wa 300,000 kwa miaka 30, hiyo ni dola 1,347 kwa mwezi. Mwezi wa kumi riba ikapita 7, mkopo uleule ukawa karibu dola 2,000, kodi ya jengo ya serikali na bima hujaweka. Ukilipa mpaka mwisho, umetoa zaidi ya 700,000. Mwenye keshi riba ikipanda yeye hata hageuki.

Mimi ndiyo nilinunua mwezi huo wa kumi. Nyumba ilikuwa imekaa sokoni miezi mitatu kwa sababu ya ufa ukutani. Udongo wa huku ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, msingi unacheza. Wenye keshi walikuwa wameipita, na muuzaji alishachoka. Nikaleta mkaguzi, nikaomba watengeneze msingi, wakakubali. Ingekuwa kipindi kile cha mlango mwekundu, wangenicheka.

Mkopo unaisha 2052. Nitakuwa na miaka 71.

Ngoja, mwenye mlango mwekundu anachungulia dirishani. Acha niwashe gari.