Tazama Jua Kwanza, Maua Baadaye

Karibu tena mtazamaji. Leo tuko uani hapa Entebbe, na kabla hatujaenda kununua mche wowote, naomba tutembee kidogo. Uone ukuta huu: jua linaupiga tangu asubuhi hadi saa kumi. Sasa nifuate nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Hapa ni kivuli kutwa. Zunguka hivi kwako asubuhi, adhuhuri na jioni, uchomeke vijiti panapopata jua.

Mimi niliwahi kuiruka hatua hii. Nilileta bogenvilia iliyojaa maua nikaipanda hapa mwembeni. Ikarefuka, miiba na majani matupu, rangi hakuna. Nilikata vipandikizi nikavipeleka ukutani, ndiyo hii inayowaka. Bogenvilia hutaka angalau saa sita za jua kwa siku, na ikishashika mizizi usiinyweshe kila mara, maana maji mengi huilisha majani tu. Sogea karibu: hii nyekundu si ua, ni majani yaliyozunguka ua lenyewe, hiki kidogo cheupe katikati.

Kivulini panda masale, ule mmea wa majani marefu. Waganda huyaita oluwaanyi, na huyapanda mipakani tangu zamani. Kata shina, chomeka ardhini, litaota. Krotoni mpe jua la asubuhi, la sivyo rangi zake hufifia.

Olianda je? Inapendeza na inavumilia ukame, lakini ina sumu kuanzia jani hadi mzizi. Penye watoto, tafadhali usiipande.

Ukifika kitaluni, acha mche uliochanua sana. Geuza kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliooteshewa mche, utazame chini; mizizi ikiwa imetoka na kujizungusha, mche umekaa humo muda mrefu mno. Pekua na upande wa chini wa majani, kama kuna wadudu weupe mithili ya pamba, urudishe.

Panda mvua zinapoanza, Machi au Septemba. Shimo liwe na upana mara mbili ya kiriba. Changanya udongo na samadi iliyooza, chana kiriba taratibu donge lisivunjike, shindilia kwa viganja. Tandaza maganda ya kahawa juu, ila yasiguse shina, litaoza.

Mvua ikikosa, mwagilia kila jioni. Ukiona jani jipya limechomoza, punguza hadi mara mbili kwa wiki.