Snuku, Samaki wa Kuvizia: Uvuvi wa Mikokoni Florida

REHEMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Rehema, niko Tanga, na mwenzangu yuko Tampa, jimbo la Florida. Kaka Athumani, shikamoo.

ATHUMANI: Marahaba, mdogo wangu. Tanga hawajambo?

REHEMA: Hawajambo kaka. Wasikilizaji wameniandama kuhusu yule samaki uliyetutumia picha, mwenye mstari mweusi ubavuni.

ATHUMANI: Huku wanamwita snook, sisi tumwite snuku. Mstari ule unatoka shavuni hadi mkiani, utadhani umepakwa wanja. Kwetu hayupo, lakini zamani wataalamu walimweka ukoo mmoja na sangara wa Ziwa Victoria. Tazama lile taya la chini lilivyotokeza mbele, utaelewa.

REHEMA: Haya, mtu amefika ufukweni na mshipi wake. Aanzie wapi?

ATHUMANI: Aanze kwa kuutazama mkondo. Wengi wanatupa tu palipopendeza macho. Snuku ni mviziaji: hujibanza nyuma ya mizizi ya mkoko au nguzo ya gati, kichwa kaelekeza maji yanakotoka, anangoja riziki iletwe. Basi tupa juu ya mkondo, uache chambo kiteremke chenyewe mpaka usoni pake. Kikimjia kutoka nyuma anashtuka na kukimbia. Dagaa gani atamwendea adui yake kwa hiari?

REHEMA: Na maji yakisimama?

ATHUMANI: Weka fimbo chini, kula mkate wako. Mimi napenda maji yakishaanza kupwa, nakaa kwenye mdomo wa kijito. Maji yakitoka mikokoni yanabeba kamba na visamaki, na snuku wamejipanga pale mlangoni. Siku za bamvua mkondo una nguvu zaidi, ndizo ninazozisubiri.

REHEMA: Sawa na vijito vyetu vya huku kabisa. Na usiku?

ATHUMANI: Usiku ndiyo raha yenyewe! Nyumba nyingi za pwani huku zina magati yenye taa. Mwanga unavuta kamba na dagaa, snuku anasimama pembeni, pale kiza kinapokutana na mwanga. Usitupe katikati ya taa. Tupa gizani, kiache chambo kiingie mwangani na maji.

REHEMA: Vifaa je?

ATHUMANI: Rili ya wastani, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, mshipi wa kusuka wa kuhimili ratili 15 au 20, na mwishoni kipande cha nusu pima cha fluorokaboni, uzi mgumu wa plastiki, ratili 30 hadi 40. Hicho kipande usikidharau. Mdomo wa snuku hauna meno ya kukata, ukiushika ni kama msasa, ila kifuniko cha shavu lake ni wembe. Mara yangu ya kwanza sikufunga kipande hicho. Samaki akaruka, akatikisa kichwa mara mbili, mshipi ukalegea. Nilipouvuta, ncha ilikuwa imekatwa sawasawa, kama kwa mkasi.

REHEMA: Pole kaka. Chambo unanunua?

ATHUMANI: Natupa kimia alfajiri, napata dagaa hai. Namtoboa puani ili aogelee vizuri, kwa ndoana ya duara. Na ndoana hiyo usiishtue: kaza mshipi taratibu, inajishika yenyewe pembeni mwa mdomo. Ndoana za makucha matatu pamoja na chambo cha asili, kwa snuku, sheria inakataza. Majira ya vuli, upande wa Atlantiki, makundi ya mkizi yanashuka kusini kandokando ya ufuko, na snuku nyuma yao.

REHEMA: Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi!

ATHUMANI: Na furaha ya snuku pia. Lakini baridi ndiyo inayomuua. Januari 2010 ilipiga baridi kali hapa, snuku wakafa kwa wingi, na upande wa Ghuba ya Meksiko hawakuruhusiwa kuchukuliwa hadi 2013. Ndiyo maana nawaomba sana ndugu zangu, mheshimu vipimo. Upande huu wa Tampa ni inchi 28 hadi 33, mmoja kwa siku, na kuna miezi imefungwa. Leseni pia, na kibali cha snuku. Kanuni hubadilika, zitazame kabla ya kutoka.

REHEMA: Kwa nini yule mkubwa kabisa arudishwe?

ATHUMANI: Kwa sababu ni mama. Snuku huanza maisha akiwa dume, akikua anageuka jike. Ukimchukua yule mkubwa, umechukua mayai. Lowesha mikono, mshike kwa kumlaza, umkinge tumbo, usimning'inize kwa taya. Mwelekeze kichwa kwenye mkondo mpaka apige mkia mwenyewe.

REHEMA: Na yule wa halali, anapikwaje?

ATHUMANI: Muondoe ngozi yote kwanza, la sivyo nyama ina ladha ya sabuni. Mimi namtia tui zito, ndimu na pilipili. Na sokoni hutampata, tangu 1957 ni marufuku kumuuza Florida. Lazima umvue.

REHEMA: Kesho maji yanaanza kupwa saa ngapi huko?

ATHUMANI: Saa kumi na moja alfajiri. Kimia kiko garini tayari.