Mvua Inayoua Mifugo: Wafugaji wa Kaskazini ya Mbali na Tabianchi Inayobadilika

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi, na ninawaomba radhi mapema kwa kuwa sina nia ya kuanzia pengine. Kila yanapotajwa mabadiliko ya tabianchi katika kaskazini ya mbali, picha inayowajia watu ni ile ile ya dubu mweupe aliyekonda, amesimama peke yake juu ya kipande cha barafu. Sina ugomvi na dubu. Ugomvi wangu ni na picha, kwa sababu imewafanya hata wasomi waamini kwamba huko hakuishi mtu, ilhali wako Wasami wa Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi, wako Wanenets na Wachukchi wa Siberia, na wako Wainuiti kuanzia Alaska hadi Greenland.

Nitazungumza juu ya mvua. Kwetu mvua ni baraka. Mfugaji wa Longido au Marsabit akiona wingu zito hushukuru, maana ng'ombe wake hufa inapokosekana. Kwa Mnenets anayechunga katika rasi ya Yamal, kaskazini mwa Siberia, mvua ya mwezi wa Novemba ni msiba. Mnyama wake ni kulungu wa Aktiki, yaani wa kaskazini hiyo ya mbali, ambaye Wasami humwita boazu, na katika miezi ya baridi chakula chake kimo chini ya theluji: mimea midogo inayotambaa ardhini, ambayo huinusa, akaifukua kwa kwato na kuila. Theluji laini haimshindi. Kinachomshinda ni pale hewa inapopata joto msimu wa baridi ukiwa umekwisha kuingia, mvua ikanyesha juu ya theluji, kisha baridi ikarudi na kuyagandisha maji yale yakawa bamba gumu la barafu. Chakula kipo, mnyama anasimama juu yake, na kwato haziingii.

Wasami huiita barafu hiyo čuohki. (Tafadhali msiniulize wana maneno mangapi ya theluji, swali hilo ninaulizwa kila ukumbi, na halijamshibisha kulungu hata mmoja.) Lenye uzito zaidi ni neno lao guohtun, ambalo si malisho tu, bali ni malisho pamoja na hali ya theluji iliyoyafunika. Mtaalamu anayepima wingi wa mimea kwa setilaiti wakati wa kiangazi, kisha akatangaza kwamba malisho ni mengi, hajawaambia kitu.

Novemba 2013 mvua hiyo ilinyesha Yamal, ikaganda, na barafu ikakaa hadi majira ya kuchipua. Walikufa kulungu wapatao 61,000 katika kundi la takriban 275,000. Ninaomba mtulie kidogo na hesabu hiyo, kwa sababu mnyama huyu si nyama peke yake: ngozi yake ni hema na ni nguo, na yeye ndiye anayevuta sleji zinazobeba hema, watoto na vyombo kutoka kambi moja hadi nyingine. Familia zilizopoteza wanyama wao zilikwama pale pale mbugani, zisiweze hata kuhama, zikaishi kwa kuvua samaki na kuazima wanyama wa kuzalisha ili kuanza upya, kazi ya miaka kadhaa. Na pigo hilo halikuwa la kwanza, kwani mwaka 2006 mvua ya namna hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuua takriban 20,000.

Najua kuna aliyekwisha kunyanyua mkono moyoni: je, mvua kama hiyo haikunyesha zamani? Ilinyesha. Wachungaji wenyewe wanasema hivyo, na hakuna anayebisha. Lakini tangu mwaka 1979 Aktiki imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia, na watafiti waliochunguza misimu hiyo miwili waliihusisha na kupungua kwa barafu katika bahari za Barents na Kara: bahari iliyo wazi hutoa mvuke, na mvuke hutafuta pa kunyesha. Mtu aliyezoea msiba mmoja katika kizazi kimoja hawezi kuambiwa avumilie miwili ndani ya miaka 7.

Mwingine atasema wapewe chakula. Wasami wengi sasa hununua chakula cha mifugo, na gharama yake wanaijua wao. Zaidi ya hapo, wanyama wanaokusanywa mahali pamoja kulishwa huambukizana maradhi, yakiwemo ya macho. Mwingine atasema wahame, kana kwamba wafugaji wa kuhamahama walikuwa wakisubiri ushauri huo! Wahamie wapi? Mpaka kati ya Norwei na Ufini ulifungwa kwa wachungaji mwaka 1852, na ule wa Uswidi na Ufini mwaka 1889. Yamal kuna reli na eneo kubwa la visima vya gesi la Bovanenkovo, lililoanza uzalishaji mwaka 2012, mwaka mmoja kabla ya mvua niliyowaeleza. Gesi hiyo hiyo, ikichomwa, huongeza joto. Aliyezibiwa njia halaumiwi kwa kusimama.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami bado nina mambo manne, basi nitayapita mbiombio. Kimeta, ambacho madaktari wa mifugo waliomo humu wanakifahamu vyema, kililipuka Yamal katika kiangazi cha joto kali cha mwaka 2016, kikaua zaidi ya kulungu 2,000 na mtoto wa miaka 12. Ardhi iliyoganda ilikuwa imeyeyuka na kuachia vijidudu vya kimeta vilivyofukiwa humo, ndiyo, lakini chanjo nayo ilikuwa imesimamishwa tangu 2007, na anayetaja sababu moja akaificha ya pili anawatetea watu fulani. Upande wa Wainuiti, kiongozi wao Sheila Watt-Cloutier wa Kanada na wenzake 62 waliishtaki Marekani kwa kuchangia joto hilo, mwaka 2005, mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya mataifa ya Amerika, na tume ikakataa kuendelea na shauri. Kijiji cha Shishmaref kule Alaska kilipiga kura ya kuhama mwaka 2016 kwa kuwa bahari inakila.

La mwisho siliachi. Tarehe 11 Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba mitambo 151 ya umeme wa upepo huko Fosen, iliyojengwa kwa jina la kuiokoa dunia na joto, imevunja haki za wafugaji wa Kisami. Siku 500 baadaye mitambo ilikuwa ikizunguka bado, na vijana wa Kisami wakaenda kuketi ndani ya wizara mjini Oslo. Yakafuata maridhiano, ya kwanza Desemba 2023 na ya pili Machi 2024. Kuna fidia, kuna ahadi ya ardhi nyingine, na mitambo haikuondolewa. Anayeona hayo ni ya Wazungu na theluji yao akumbuke kwamba mwezi huo huo wa Oktoba 2021, mahakama ya mazingira na ardhi iliyoketi Meru ilisema hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana hazikupatikana kihalali, katika nchi ya wafugaji wa Marsabit.

Sasa niko tayari kwa maswali, na la dubu naomba liwe la mwisho.