Nasomea nini huku London? Leo nawajibu, shangazi zangu kaeni vizuri

Haya jamani, asalam aleikum, hamjambo wote mnaonitazama, wa Tanga, Pemba, Mombasa, Muscat, na nyie wa saa nane za usiku mnaonidai video inboksi kama nimekopa hela.

Leo sina stori ya baridi wala bei ya vyumba. Kila nikipiga simu nyumbani swali ni lilelile, we mtoto unasomea kitu gani hasa huko? Nikisema insia dijitali pananyamaza, halafu shangazi anasema ahaa, kompyuta. Juzi binamu kanitumia picha ya printa imekufa, nimwambie ina ugonjwa gani. Printa mie siijui wallah.

Iko hivi. Insia ni haya mambo ya fasihi, historia, lugha, dini, na ukitia dijitali ni kuyachunguza kwa kompyuta. Sasa mwaka 1949 kuna padri mmoja Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa, aliwafuata kampuni ya mashine ya IBM akataka mashine imsaidie kupanga kila neno la maandishi ya Thomas Aquinas, mwanazuoni wa Kikatoliki wa zamani, kazi ikamla miaka kama thelathini. Wengi wanaanzia hadithi hapo. Mie yangu ni ndogo zaidi: naifundisha kompyuta kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kile walichoandika mababu zetu kabla hatujaletewa a e i o u ya shule.

Na hapo ndipo kichwa kinauma, maana Kiarabu hakina p, hakina ch, na irabu zake fupi ni tatu wakati sie tunazo tano, kwa hiyo mwandishi wa zamani akiandika kuku na akiandika koko unaona kitu kilekile, na b anaweza akawa b au p au mb, uamue mwenyewe kwa maana. Kuna programu inaitwa Transkribus, unaipa kurasa ulizozinakili kwa mkono wako, inajifunza mwandiko wa mtu. Nimeipa kurasa arobaini, macho yamekwisha, na siku ya kwanza ikasoma kama mtoto wa chuo cha Kurani wiki ya kwanza, inapiga kelele tu.

Bibi yangu ndo mwalimu wangu hapa. Bibi anasoma herufi hizi tangu chuoni, anaandika barua, ila za Kizungu hazijui, basi wakija wale wa fomu wanamwandika hajui kusoma na kuandika. Hili linaniudhi mpaka leo, bora niliache nisije nikaharibu video.

Ngoja niwape ile iliyonikamata kabisa. Mstari wa utenzi una mizani nane, yaani silabi nane, sawa? Nikasema rahisi hiyo, naandika programu ihesabu irabu, kila irabu mizani moja. Ikaniambia mtu ni mizani moja. Nikairekebisha, m ikifuatwa na konsonanti ihesabiwe peke yake, m-tu, mbili, safi. Ikaja na mbuzi, ikasema m-bu-zi, tatu! Halafu nikakutana na mbaya. Nikampigia Bibi WhatsApp, Bibi mbaya ni mizani ngapi, akaniuliza mbaya nani? Nikadhani hajasikia. Kumbe ndo jibu lenyewe, mtu mbaya ni m-ba-ya, tatu, nyumba mbaya ni mba-ya, mbili. Maandishi yaleyale! Kompyuta lazima ijue kwanza anayesemwa ni mtu au nyumba, Bibi anapiga kidole kwenye goti anaendelea kuchambua mchele. Tasnifu yangu nusu yake ni kidole kile.

Kingine ninachokitaka ni kujua nani kaandika nini. Hapa chuo kikuu cha SOAS kuna miswada ya Kiswahili, mingine ilitoka kwa mmisionari William Taylor, na humo kuna mashairi ya Muyaka wa Mombasa aliyefariki 1840. Aliyeyatafuta kwa watu waliokuwa wanayakumbuka na kuyaeleza ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, lakini jina la juu ya boksi ni Taylor. Kwenye kompyuta unaweza kuweka alama kila mstari, huu mkono wa fulani, ile nyongeza ya pembeni ya fulani, mtu akitafuta Sikujua aipate kazi ya Sikujua. Boksi wabaki nalo.

Sasa mama, najua unanitazama. Lile sanduku la babu chini ya kitanda, usimpe mtu hata akija na barua yenye muhuri. Lifungue mchana karibu na dirisha, piga picha kila ukurasa na mgongo wake, bila flashi, weka rula pembeni ionekane ukubwa, na tafadhali usizipange upya hata ukiona zimechanganyika, ule mchanganyiko nao nauhitaji. Ukikuta karatasi zimegandana usizibandue, ziache hivyohivyo mpaka nije Desemba.

Bibi huyo anapiga, kashaniona nimemtaja. Ngoja nipokee.