Tuchange Ardhi, Tugawane Upya

Ndugu zangu, tazameni mchoro huu ukutani. Kipande hiki ni chembamba kama utepe, kile cha pembetatu, na hiki cha katikati hakina hata njia. Mwenyewe hupita kwa jirani. Mji ukifika hapa, barabara itapita wapi?

Tumezoea serikali itwae ardhi na kulipa fidia. Basi mmoja anahamishwa, na jirani yake anaamka ana kiwanja cha barabarani bila kutoa hata hatua moja. Hilo siwezi kuliita haki.

Kuna njia ya kuchanga. Wenye ardhi wanaunganisha vipande vyao, zinachorwa barabara, mitaro na shule, kisha kila mmoja anarudishiwa kiwanja kidogo zaidi, kilichonyooka, chenye njia. Tuseme una mita za mraba 1,000, ukachangia asilimia 35. Unabaki na 650. Thamani ya kila mita ikipanda maradufu, ulichobaki nacho ni sawa na mita 1,300 za zamani. Sehemu ya ardhi iliyochangwa huuzwa kulipia ujenzi.

Si jambo geni. Franz Adickes, meya wa Frankfurt, Ujerumani, aliipigania sheria yake hadi ikapita mwaka 1902, na Tokyo ilijengwa upya hivyo baada ya tetemeko la 1923.

Lakini hapa naomba tutulie. Mwenye mita 100 ukimkata asilimia 35 ileile, umemvunjia nyumba. Mjini Bhuj, kule Gujarat, India, baada ya tetemeko la 2001, kiwango cha kukata kilipanda kadiri kiwanja kilivyokuwa kikubwa. Mimi naona huo ndio uungwana wa kazi hii. Na mpangaji je? Na kibarua anayelima shamba la mwingine? Hao hawamo kwenye daftari la hati, na mji mpya unaweza kuwafuta kimyakimya.

Tena kuna muda. Amaravati, India, wakulima walichanga zaidi ya ekari 30,000 kwa ajili ya mji mkuu mpya wa jimbo la Andhra Pradesh. Serikali ya jimbo ikabadilika mwaka 2019, mpango ukasimama, nao wakaandamana miaka kadhaa: shamba walikuwa wameshalitoa, mji hawakuuona. Ndiyo maana nasema, anayeombwa kutia saini aonyeshwe kwanza kiwanja chake kipya kwenye mchoro, kwa namba, na aandikiwe tarehe ya kukabidhiwa, na atalipwa nini tarehe hiyo ikipita.