Timu ya Wajenzi: Zhytlobud-1 ya Kharkiv

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Jioni hii nitazungumzia timu moja ya mpira wa miguu ya wanawake kutoka Kharkiv, mashariki mwa Ukraine. Jina la mji huo si geni kwenu. Vijana wetu wamesomea udaktari kule miaka mingi, na vita vilipoanza mwaka 2022 kuna wazazi waliokesha na simu mkononi wakisubiri kusikia kama mtoto amepata treni ya kumfikisha mpakani. Lakini mpira wa wanawake wa mji ule hatuujui, na kutoujua ni hasara yetu.

Nianze na jina. Zhytlobud-1. Zhytlo ni makazi, na bud ni kipande cha neno la ujenzi. Ukiliweka kwa lugha yetu ni Ujenzi wa Makazi Namba Moja. Ni shirika la ujenzi la Kharkiv, lililomwaga zege na kupandisha maghorofa tangu enzi za Kisovieti. Na penye namba moja pana namba mbili: Zhytlobud-2, shirika jingine la ujenzi la mji huohuo, nalo likawa na timu yake ya wanawake. Sisi tuliokua tukisikia Pamba, Reli na Bandari zikitangazwa redioni hatushangai timu kubeba jina la kazi.

Huko Ukraine hali ilikuwa hiyo karibu kila mahali. Chernihiv, kaskazini, kulikuwa na Lehenda, mabingwa wa 2000, 2001 na 2002 mfululizo. Kuna kipindi waliitwa Lehenda-Cheksil, na Cheksil ni kiwanda cha vitambaa vya sufu. Kalush, magharibi, walikuwepo Naftokhimik, jina la kemikali za mafuta. Mnaona mambo yalivyokuwa? Mwanamke alitaka kucheza mpira, akatafuta kiwanda cha kumpa jezi, basi la safari na uwanja wa mazoezi. Alikuwa mpangaji. Kodi yake ilikuwa kulivaa jina la mwenye nyumba kifuani.

Tena hata huko kupangishwa kulichelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakubwa wa michezo wa Muungano wa Kisovieti walipiga marufuku mpira wa wanawake. Walidai unadhuru afya ya mwanamke. Wasichana waliokuwa wanajua mpira wakati huo walizeeka bila ligi. Ubingwa wa wanawake wa Muungano ulikuja kuchezwa mwaka 1990 na 1991, kisha dola lenyewe likavunjika. Ligi ya Ukraine huru ikaanza 1992, na bingwa wa kwanza akawa Dynamo ya Kyiv. Kwa hiyo mtu akikwambia mpira wa wanawake wa kule ni mchanga, mjibu kwamba ulizuiwa.

Sasa turudi Kharkiv. Kuanzia 2011 mpaka 2021 ubingwa wa Ukraine haukutoka katika mji ule. Mwaka huu Zhytlobud-1, mwaka ule Zhytlobud-2. Hebu fikirieni: nchi nzima, na kombe linazunguka kati ya mashirika mawili ya ujenzi ya mji mmoja! Wako waliosema hiyo si afya ya ligi, na hoja yao ina uzito. Lakini nyumba mbili zinapogombea, mchezaji anafaidika. Akiachwa huku, kule wanamwita. Kocha akilala, jirani yake yuko macho. Ndani ya ushindani huo ndimo walimopikwa wachezaji wengi wa timu ya taifa.

Na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo. Msimu wa 2021/22 shirikisho la Ulaya, UEFA, liliibadilisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake. Kwa mara ya kwanza kukawa na hatua ya makundi, timu 16 tu. Zhytlobud-1 waliitoa Apollon ya Limassol, Cyprus, wakaingia. Wakapangwa Kundi B na Paris Saint-Germain, Real Madrid na Breidablik ya Iceland.

Tarehe 6 Oktoba 2021 Real Madrid walifika Kharkiv. Madrid, na majina yao yote na fedha zao zote! Waliondoka na ushindi wa bao moja tu. Moja bila. Mimi niliurudia mchezo ule kwenye kompyuta zaidi ya mara moja, na kila nikirudia naona mabeki wa Kharkiv wanavyosogea pamoja, mmoja akitoka kukaba wa pili anaziba nyuma yake, kama watu wanaopokezana matofali juu ya jukwaa. Halafu wakaenda Paris, wakapigwa 5-0. Novemba wakatoka suluhu na Breidablik nyumbani. Tarehe 18 Novemba wakaifuata Breidablik huko Iceland, wakashinda 2-0.

Katika kundi lile walicheza mechi 6, wakafunga mabao 2 tu, yote mawili Iceland usiku ule mmoja, wakafungwa 15. Pointi 4, nafasi ya tatu. Mtu wa hesabu atasema timu dhaifu. Mimi nasema hivi: timu iliyobeba jina la shirika la ujenzi, katika ligi ambayo hata nyumbani kwake watazamaji ni wachache, ilisimama kwenye mashindano ya timu 16 bora za Ulaya na haikushika mkia. Nalisema hilo kwa moyo wote, na sitapunguza neno.

Mechi ya mwisho ilikuwa Madrid, tarehe 16 Desemba, wakafungwa 3-0. Wakarudi nyumbani kwa mapumziko ya baridi. Siku 70 baadaye, tarehe 24 Februari 2022, mizinga ikaanza.

Kharkiv uko kama kilomita 40 kutoka mpaka wa Urusi. Upande wa kaskazini mashariki wa mji kuna mtaa unaoitwa Saltivka: maghorofa marefu ya enzi za Kisovieti, safu kwa safu, ambako kabla ya vita waliishi watu wanaokadiriwa kufika 400,000. Ndio uliopigwa sana miezi ile ya mwanzo. Ghorofa limepasuka ubavuni, jiko la mtu linaonekana kutoka barabarani, sufuria bado iko rafuni. Nyumba za watu, zhytlo, neno lilelile lililo kwenye jezi.

Ligi ilisimama, msimu ukafutwa. Wachezaji wakatawanyika, wengine wakavuka mipaka wakapata timu nje. Baadaye mwaka uleule wa 2022 ligi ikafunguliwa tena, vita vikiendelea. King'ora kikilia mwamuzi anasimamisha mchezo, timu zote mbili zinashuka handakini na jasho lao, zinakaa mpaka hatari ipite, kisha wanarudi, wanapasha misuli upya, wanamalizia dakika zilizobaki. Mechi za Ulaya wanazoitwa wenyeji wanazicheza nchi nyingine.

Niwape na mfano wa mji mwingine, kwa sababu unafungamana na haya. Mariupol nao walikuwa na timu ya wanawake. Mji ulizingirwa, ukabomolewa, ukatekwa. Kocha wao, Yana Vynokurova, alitoka akiwa hai, akaikusanya timu upya huko Demydiv, kijiji cha kaskazini mwa Kyiv. Demydiv chenyewe kilikuwa kimefurika, kwani mwanzoni mwa vita Waukraine walifungulia maji ya mto Irpin ili vifaru visipite kuelekea mji mkuu. Kwa hiyo timu isiyo na mji ilihamia kijiji kilichotoka majini, ikarudi ligini kwa jina la Mariupol. Ukimuuliza mtu wa vitabu klabu ile iko wapi, atatafuta uwanja na ofisi. Klabu ilikuwa ni huyo mama na kina dada waliomfuata.

Ndiyo maana nawaomba, mkisoma historia ya klabu za wanawake za Ukraine, msifuate kibao cha mlangoni. Kibao kinabadilika kila mara. Mwenye kiwanda amechoka, kibao kimeshuka. Klabu ya wanaume imetaka kuwa na upande wa wanawake, kibao kingine kimepanda. Mtafiti mvivu ataandika: Zhytlobud-2 ilikufa, Zhytlobud-1 ilikufa. Sivyo hata kidogo. Zhytlobud-2 ilihamia Poltava, jirani na Kharkiv, ikachukua jina la Vorskla, klabu ya wanaume ya huko, na ligi iliporudi ikawa bingwa msimu wa 2022/23 na wa 2023/24. Zhytlobud-1 ilichukua jina la Metalist 1925, klabu ya wanaume ya Kharkiv. Wapangaji wamehama, vyombo vyao ni vilevile.

Kuna aliyeniandikia kikaratasi hapa, anauliza je, si afadhali sasa, kwa kuwa wamepata majina ya klabu kubwa za wanaume? Swali zuri. Jezi inauzika zaidi, ni kweli. Ila tuangalie: mataji yote ya miaka ile, 2011 mpaka 2021, yaliletwa na wanawake kwa jina la wajenzi, si kwa jina la klabu ya wanaume. Jina kubwa likiondoka kesho, na yamekwisha kuondoka mengi, wao watakuwepo. Mimi ningependa siku moja wawe na kibao chao wenyewe.

Kwa hiyo mkiona kwenye ratiba Vorskla ya Poltava dhidi ya Metalist 1925 ya Kharkiv, mtu atawaambia ni mechi ya miji miwili. Mtazameni mpira unavyokwenda, na mkumbuke majina ya zamani. Hiyo ni Namba Moja na Namba Mbili, majirani wa mji mmoja, bado wanagombea.