Wamefurahi, Lakini Wanalala Usiku?

Mhadhara kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, maofisa ustawi wa jamii na viongozi wa vikundi vya vijana, Tanga

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie tathmini, na najua neno hilo linavyopokelewa. Mfadhili anakuja Jumatatu, tafuteni picha, tafuteni karatasi za mahudhurio. Nami nimepita huko. Miaka kadhaa nyuma niliandika ripoti ya mradi wa kuwasikiliza vijana wenye msongo wa mawazo. Niliandika kwamba walihudhuria wengi na karibu wote walisema wamefurahi. Wakubwa wa mradi wakaipenda. Lakini mama mmoja wa kamati ya mtaa aliisoma mpaka mwisho, akanirudishia: "Mwanangu, hao wamefurahi. Wanalala usiku?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepima bidii yetu sisi. Hali ya vijana sikuigusa.

Nianze na bahari, maana hapa hakuna asiyeijua. Kijana haji kwetu siku ana nafuu. Anakuja wiki aliyoachwa, au matokeo ya kidato cha nne yametoka, au baba amemtupia begi nje. Anakuja maji yakiwa bamvua. Mpime siku hiyo, kisha mpime tena baada ya wiki sita: huenda alama zake za msongo zimeshuka hata kama hukumfanyia lolote, kwa sababu maji nayo hupwa yenyewe. Sasa mtu asimame ufukweni aseme "nimeyapwesha mimi", kuna mvuvi wa Sahare atakayemwamini? Ndiyo tunachofanya tunapoandika kwamba kabla ya mradi walikuwa vile na baada ya mradi wako hivi, pasipo kundi jingine la kulinganisha.

Chukueni mfano wa Kenya. Kuna mpango unaoitwa Shamiri, na neno ni letu wenyewe, la kustawi. Katika utafiti wao uliochapishwa 2021, Tom Osborn na wenzake walichukua wanafunzi 413 wa sekondari za Nairobi na Kiambu waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi mwingi. Vipindi vilikuwa vinne, kimoja kwa wiki. Walioviongoza si madaktari. Ni vijana waliomaliza shule juzi juzi. Walizungumza juu ya mtu kuweza kubadilika, juu ya shukrani, juu ya mambo ambayo kila mmoja anayathamini maishani. Ninachokipenda ni kundi la pili: nalo lilipewa vipindi vinne, likaongozwa na vijana wa namna ile ile, ila lilifundishwa mbinu za kusoma tu.

Makundi yote mawili yalipata nafuu. La Shamiri lilipata zaidi.

Tuliangalie hilo kidogo. Mimi nalisoma hivi: kukaa duara na dada anayekujua kwa jina, hata mkiongelea namna ya kuandika notsi, kunaweza kumpa mtoto kitu. Kama wasingekuwa na kundi la pili, sifa ya nafuu yote wangejipa wenyewe, na wangekuwa wamesema uongo bila kujua.

Na bidii si ushahidi. Uingereza walifundisha watoto mazoezi ya kutuliza akili madarasani, katika utafiti ulioitwa MYRIAD, wanafunzi zaidi ya 8,000. Walimu walipewa mafunzo, pesa ilikuwepo, nia ilikuwa njema. Matokeo yalipotoka 2022, watoto hao hawakuwa wamewazidi wale wa shule zilizoendelea na utaratibu wao wa kawaida. Walichapisha hivyo hivyo, bila kupaka rangi. Nawavulia kofia kwa hilo kuliko kwa mradi wenyewe.

Najua mnawaza nini. "Sisi ni kikundi cha mtaani, hilo kundi la pili tulitoe wapi?" Kina mama hapa mnacheza upatu, au siyo? Kijumbe anaandika namba, karatasi zinakunjwa, kila mtu anaokota. Aliyeokota moja anapokea mwezi huu, aliyeokota kumi na mbili anasubiri, na hagombi, kwa sababu mkono wake ndio uliookota. Basi ikiwa nafasi ni za vijana 30 na wamekuja 60, msichague wale wenye adabu au watoto wa mjumbe. Waokote. Thelathini waanze sasa, thelathini waanze baada ya miezi miwili, na wote muwapime mara moja mwanzoni, na mara nyingine kabla ya zamu ya pili kuanza. Wale wanaosubiri ndio kundi lenu la kulinganisha. Hakuna aliyenyimwa, na mmepata kitu ambacho ripoti nyingi za gharama kubwa hazina. Ila yule ambaye maisha yake yako hatarini haokoti karatasi. Huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na mtu anamsindikiza.

Sasa dodoso. Wengi wenu mmeshalishika PHQ-9: maswali tisa ya dalili za sonona kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina sifuri mpaka tatu, jumla 27, na alama zikipanda hali ni mbaya zaidi. Ni chombo kizuri, lakini mkitumie kwa akili ya hapa. Linauliza usingizi na hamu ya kula. Mkipima mwanzo katikati ya Shaabani na kurudia katikati ya Ramadhani, mmepima mfungo. Kijana anayevua dagaa kwa taa halali usiku kukiwa na giza, na analala vizuri mbalamwezi ikitoka. Mpime kwenye giza, umrudie kwenye mbalamwezi, utaandika kuwa ushauri nasaha umemponya, kumbe ni mwezi.

Halafu kuna maneno. Muulize kijana wa kiume wa Ngamiani kama amekuwa na huzuni, atakwambia hapana, freshi. Muulize hali, atajibu "nipo nipo tu". Jibu ni hilo hapo, lakini karatasi yenu haina kisanduku chake.

Zimbabwe waliliona hili mapema. Kwa Kishona wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, sawasawa na mnavyosema hapa "mawazo yamemzidi". Dodoso lao la maswali 14 lilijengwa kutokana na maneno ambayo wagonjwa wenyewe waliyatumia. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha Benchi la Urafiki mjini Harare 2006, aliwatumia bibi wa mitaani waliokuwa wahudumu wa afya. Bibi anakaa na mtu kwenye benchi la mbao uwanjani mwa kliniki, wanafumbua mambo yake, kisha wanachagua tatizo moja la kuanzia. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikuwa na watu 573 katika kliniki 24. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na wastani wa alama chini ya 4 katika maswali yale 14, na wale wa kundi la kulinganisha karibu 9. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini msiinakili kichwa kichwa: wale walikuwa watu wazima, wengi wao wanawake. Kwamba bibi atamfaa pia kijana wa miaka 16 wa kijiweni, hilo lilipaswa kupimwa peke yake.

Na anayepima asiwe yule aliyehudumia. Kijana wa kwetu amelelewa na heshima. Atamtazama vipi bibi aliyemsikiliza wiki sita amwambie "hujanisaidia"?

Swali la tisa la PHQ-9 nalisema taratibu. Linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Watafiti wa Shamiri walitumia dodoso la maswali manane, lisilo na hilo la tisa. Ninyi mkiliuliza, muwe mmeshajua kabla ya kuliuliza ni nani atakayepigiwa simu akijibu ndiyo, na gari litatoka wapi. Kumbukeni pia kwamba Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ilisema kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na katiba. Kijana anayeogopa polisi ataandika sifuri, nanyi mtaifurahia sifuri hiyo.

Mwisho ni walioacha kuja. Kwenye ripoti yangu ile hawakuwemo kabisa. Baadaye, kwa aibu niliyoipata kwa yule mama, nilitoka kuwatafuta. Wengine walikuwa wamekwenda kukata mkonge Korogwe. Mmoja alikuwa amepona, hana muda nasi. Lakini binti mmoja aliniambia kwamba tulipoweka benchi letu la kuwasikilizia vijana palitazamana na kituo cha bodaboda. Siku ya pili alipokaa pale, wale vijana walimpigia kelele: "Mirembe hiyo!", yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Hakurudi.

Hatukuwa tumelifikiria. Tulihamishia benchi nyuma ya jengo, chini ya mwembe, kazi ya asubuhi moja. Katika kurasa zote za ripoti ile hapakuwa na sentensi hata moja ambayo ingetuonyesha kwamba benchi limekaa vibaya, kwa sababu tuliwauliza waliobaki tu.

Naona chai imefika. Baada ya chai nitagawa yale maswali tisa, kila mtu ajaziwe na jirani yake, ana kwa ana, kwa sauti. Tuone nani hapa atamwambia ofisa wake wa kata kwamba wiki mbili hizi hajalala.